Foleni Iliyochorwa Ardhini: Kasi ya Mchezo wa Gofu na Usanifu wa Viwanja

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wasimamizi wa viwanja vya gofu, watunza nyasi, wasanifu na wachezaji. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wasimamizi wa viwanja, mafundi wa nyasi, wasanifu, na ninyi wachezaji wenzangu ambao bila ninyi hakuna uwanja wala klabu: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru zaidi kwa kuchagua mada ambayo wengi wetu huizungumza kwa hasira pembeni mwa uwanja, lakini wachache huiweka mezani.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusimama asubuhi kwenye tii ya kwanza, pale mchezaji anapoanzia kupiga mpira wa shimo, nikiita makundi moja baada ya jingine, kisha mchana kuzunguka kwa kigari nikiwahimiza waliochelewa. Siku moja nililifuata kundi la wazee wanne lililokuwa limefika shimo la sita likiwa nyuma ya ratiba kwa nusu saa na zaidi. Niliwaamkia, kisha nikawaambia kwa adabu, lakini kwa sauti ya mtu mwenye saa mkononi, kwamba tafadhali waongeze mwendo. Mmoja wao, aliyekuwa amenyamaza muda wote, alitoa kadi yake ya matokeo akanipa niisome. Pembeni mwa kila shimo, mbali na idadi ya mikwaju, alikuwa ameandika saa waliyofika na saa waliyopiga mpira wa kwanza. Shimo la kwanza hawakusubiri. La pili walisubiri dakika 2. La tatu, lile fupi la kuvuka bwawa, dakika 24. La nne hawakusubiri. La tano, dakika 5. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hizi dakika 31 tulizosimama, ulitaka tuzikimbilie wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliwaomba radhi, nikageuza kigari, nikaenda kusimama shimo la tatu hadi jua lilipozama. Ndugu zangu, swali la mzee yule ndilo lililonileta hapa leo.

Ninalotaka kulisema ni moja, na nitalirudia hadi lituingie sote. Sehemu kubwa ya muda tunaoulalamikia haipotei mikononi mwa mchezaji. Imechorwa ardhini na msanifu, imeandikwa kwenye ratiba na ofisi, na imeoteshwa pamoja na nyasi, kabla mchezaji hajaifungua mifuko ya fimbo zake. Tunamkemea mtu kwa foleni ambayo sisi wenyewe tuliijenga.

Sisemi kwamba mchezaji hana sehemu yake. Anayo. Kanuni za gofu zilizofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019 zinapendekeza kwamba mchezaji apige mpira ndani ya sekunde 40 tangu awe na uwezo wa kupiga bila kizuizi, na zinawahimiza wachezaji, katika mashindano ya kuhesabu mikwaju, wasimngoje aliye mbali zaidi na tundu endapo mwingine yuko tayari na ni salama kupiga. Ni kanuni nzuri, na anayezidharau anawakosea wenzake. Mwaka 2013, katika mashindano makubwa ya Masters huko Marekani, Guan Tianlang, kijana wa miaka 14 tu, aliongezewa mkwaju mmoja wa adhabu kwenye shimo la 17 katika raundi ya pili kwa sababu ya kuchelewa. Aliipokea adhabu ile kwa heshima, akafaulu kuendelea hadi siku mbili za mwisho. Mwaka 2018, huko Austria, mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya Ulaya yaliendeshwa kwa saa ya kuhesabu sekunde iliyobebwa na kigari nyuma ya kila kundi, sekunde 40 kwa mkwaju wa kawaida na 50 kwa anayetangulia kupiga katika kundi, na Mikko Korhonen wa Finland akashinda chini ya saa hiyo. Kwa hiyo yeyote anayedai kwamba mtu hawezi kucheza vizuri na kwa haraka akumbuke jina hilo.

Lakini hebu tufanye hesabu inayopendwa sana na wale wanaomlaumu mchezaji peke yake. Wachezaji wanne, kila mmoja mikwaju 90, jumla mikwaju 360. Tukimwomba kila mmoja apunguze sekunde 10 kwa kila mkwaju, tunapata sekunde 3,600, yaani saa nzima. Hesabu hiyo inavutia, nami niliwahi kuibandika ukutani kwa herufi kubwa. Hata hivyo ina sharti lililojificha ndani yake, nalo ni kwamba mbele ya wachezaji hao pawe wazi. Je, pasipokuwa wazi? Kundi litaokoa sekunde zake shimo la kwanza, litaziokoa tena shimo la pili, kisha litafika shimo la tatu na kuzikuta zote zinalingoja kwenye benchi. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wetu sisi mara nyingi ni lile shimo fupi la kwanza.

Hapo ndipo ninapotaka tutulie, kwa sababu anayelielewa shimo fupi ameelewa zaidi ya nusu ya jambo hili.

Tazameni shimo la mikwaju minne, yaani lile linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne. Kundi la kwanza likishapiga, likatembea hadi mipira yake, likapiga tena na kuelekea kwenye grini, ile sehemu ya nyasi fupi sana yenye tundu, kundi la pili linaweza kuanza bila kumhatarisha mtu. Shimo hilo basi linabeba makundi mawili kwa wakati mmoja. Shimo la mikwaju mitano, kwa urefu wake, linabeba matatu. Je, shimo la mikwaju mitatu, lile ninaloliita fupi? Linabeba kundi moja. Moja tu. Kwa kuwa mpira unapigwa kutoka kwenye tii moja kwa moja hadi kwenye grini, hakuna anayeweza kupiga mpaka wa mbele wawe wamemaliza na kuondoka. Njia pana yenye sehemu mbili, tatu za kupitia imefika kwenye mlango wa mtu mmoja.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme wachezaji wanne wanatumia dakika 3 kupiga mipira yao kwenye shimo fupi, dakika 3 kutembea hadi kwenye grini, na dakika 5 kumalizia na kuondoka. Hizo ni dakika 11. Tuseme pia ofisi imepanga makundi yaanze kila baada ya dakika 8, mpango ambao viwanja vingi huufuata. Kundi la kwanza linalofika hapo halisubiri. La pili linasubiri dakika 3. La tatu linasubiri 6. La kumi na moja linasubiri nusu saa. Na kundi la ishirini na moja, ambalo lingeanza saa 3:40 asubuhi ikiwa la kwanza lilianza saa 1:00, linasubiri saa nzima.

Naomba mnisikilize hapa. Katika mfano huu hakuna aliyepoteza mpira. Hakuna aliyepiga simu. Hakuna aliyezunguka tundu mara nne akiutafakari mteremko. Kila mmoja amecheza kwa mwendo uleule mzuri, na bado kundi la ishirini na moja limesimama saa nzima. Nani alichelewesha? Tutamtafuta mkosaji uwanjani hadi usiku na hatutamwona, kwa maana mkosaji ni ile tofauti ya dakika 3 kati ya mlango wa kuingilia na mlango wa katikati.

Najua wasimamizi mtaniuliza kuhusu mapato, na mna haki. Nafasi za kila dakika 8 zinaonekana kuleta wachezaji wengi kuliko nafasi za dakika 10 au 11. Lakini hebu rudini kwenye mfano wetu. Katika saa 3 ofisi imeuza nafasi 22, ilhali shimo la tatu, kwa dakika 11 kila kundi, limepitisha makundi 16. Yale sita hayajacheza chochote zaidi. Yamelipa, yameanza, kisha yamehifadhiwa kwenye foleni. Uwanja haupitishi watu kwa kasi ya tii ya kwanza. Unawapitisha kwa kasi ya shimo lake gumu zaidi kupitika, na mwanya wowote wa kuanza ulio mfupi kuliko dakika za shimo hilo ni ahadi ambayo ardhi haiwezi kuitimiza.

Kuna dawa moja ya zamani ambayo haigharimu kitu, na inanisikitisha kuona inavyosahaulika. Kundi likifika kwenye grini ya shimo fupi, liweke alama mipira yake, lisogee pembeni mahali salama, kisha liliite kwa mkono kundi lililo nyuma lipige. Likishapiga, la mbele linamalizia wakati la nyuma linatembea. Wengi huidharau desturi hii wakisema inalichelewesha kundi lililosimama pembeni, na kwa kundi moja wanasema kweli: katika mfano wetu kundi litakaa kwenye shimo hilo dakika 16 badala ya 11. Lakini angalieni kinachotokea kwa foleni. Zile dakika 3 za kutembea sasa zimefunikwa na dakika 5 za kumalizia, kwa hiyo shimo linapitisha kundi kila baada ya dakika 8 badala ya kila baada ya dakika 11. Dakika 8! Ndio mwanya uleule wa ratiba yetu. Kila kundi linatoa dakika 5 zake, na kwa sababu hiyo kundi la ishirini na moja halisubiri ile saa nzima.

Sasa nawageukia wasanifu. Ninyi ndio mnaoamua kama shimo fupi litapitika kwa dakika 8 au kwa 13. Grini pana inayoupokea mpira, mahali pa kuwekea mifuko upande wa kutokea na si upande wa kuingilia, na tii inayofuata ambayo mtu anaifikia bila kukatiza mbele ya wanaopiga: hayo ni mambo madogo kwenye karatasi, lakini ni dakika kamili uwanjani.

Mnalijua shimo la 17 la TPC Sawgrass, uwanja uliofunguliwa mwaka 1980 katika jimbo la Florida, Marekani. Pete Dye, aliyeusanifu, alikuwa amechimba mchanga mwingi mahali pale kwa ajili ya sehemu nyingine za uwanja, na lilipobaki shimo kubwa la ardhi, mkewe Alice Dye, ambaye naye alikuwa msanifu hodari, ndiye aliyependekeza lijazwe maji na grini iachwe kama kisiwa. Ni yadi 137 hivi, umbali ambao mchezaji mzuri hutumia fimbo fupi, na bado ni miongoni mwa mikwaju inayoogopwa zaidi duniani. Mimi nalipenda shimo lile. Kwa mashindano yanayotazamwa na maelfu, ambako kusubiri na kuogopa ni sehemu ya tamasha, lina mahali pake. Ninachokilalamikia ni wale walioliiga katika viwanja vya watu wa kawaida, wakaliweka mapema katika mzunguko, bila njia ya pembeni kwa asiyeweza kuvuka maji. Mchezaji wa kawaida anapiga, mpira unazama. Anapiga tena, unazama. Wenzake wanatazama chini kwa huruma, na kundi la nyuma limeshafika, na la nyuma yake linakuja. Je, huo ndio ugumu tuliokusudia?

Angalieni pia kinachotangulia shimo la namna hiyo. Sawgrass, shimo la 16 ni la mikwaju mitano ambalo mchezaji mwenye nguvu anaweza kulifikia kwa mikwaju miwili. Mchezaji anayetaka kufika kwa mikwaju miwili hana budi kusubiri grini iwe wazi, na anaposubiri, shimo lililokuwa na uwezo wa kubeba makundi matatu linabeba mawili. Kisha linafuata shimo fupi linalobeba moja. Kwenye uwanja wa Augusta National, Marekani, yanakochezwa yale mashindano ya Masters, hali ni hiyohiyo kwenye shimo la 15 na la 16. Wachezaji bora wa dunia, wakiwa wawili wawili siku za mwisho, wamezoea kusimama pale wakingoja. Ikiwa wao wanasimama, sisi tunaocheza wanne wanne tutapona vipi? Msanifu anayeweka shimo refu linalofikika karibu na shimo fupi anapaswa kujua kwamba ameweka milango miwili myembamba mfululizo, na afanye hivyo kwa hiari yake, si kwa kutojua.

Hata uwanja wenye heshima kuliko yote haukosi jambo la kutufundisha. Old Course ya St Andrews, Uskoti, ilipata mashimo yake 18 mwaka 1764, pale mashimo 22 yalipopunguzwa. Ina grini saba ambazo kila moja inahudumia mashimo mawili, na namba za mashimo hayo zikijumlishwa hutoa 18: la 2 na la 16, la 3 na la 15, na kadhalika. Njia ya shimo la 7 na ya shimo la 11 zinakatizana, na mchezaji wa moja hulazimika kumngoja wa jingine. Ukiangalia hilo peke yake utasema uwanja ule ni mbaya kwa kasi. Lakini ukisimama kwenye tii ya kwanza unaona eneo la nyasi fupi lililo wazi kabisa, linaloshirikiana na shimo la 18, pana kiasi kwamba hata mwenye wasiwasi mkubwa hukuta mpira wake bila shida. Makundi huanza, huondoka, hutawanyika. Na ukimaliza kila shimo, tii inayofuata iko hatua chache tu kutoka ulipo.

Hizo hatua chache zina historia ndefu. Kanuni za kale kabisa za gofu zilizoandikwa ambazo tunazo, zile 13 za Leith, Uskoti, za mwaka 1744, zinaanza na kanuni inayomtaka mchezaji aweke mpira wake wa kuanzia ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka kwenye tundu. Fimbo moja! Bila shaka nyasi za kuzunguka tundu ziliumia, na ilikuwa sawa desturi hiyo kubadilika. Lakini tumetoka kwenye urefu wa fimbo moja tukafika wapi? Tumefika kwenye viwanja vilivyopitishwa katikati ya nyumba za kuuza, ambako mchezaji anavuka barabara mbili ili aone shimo linalofuata. Tufanye hesabu tena. Kati ya mashimo 18 kuna safari 17 za kutoka grini hadi tii. Ongezeni mita 100 tu kwa kila safari, mtapata mita 1,700, ambazo kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni dakika 20 hivi. Dakika 20 ambazo hakuna mpira uliopigwa, hakuna wazo lililofikiriwa, hakuna chochote kilichochezwa. Mtaniambia vigari vipo. Vipo, lakini mara nyingi kigari kimoja huwafuata watu wawili waliopiga pande mbili tofauti, hivyo mmoja hukaa akimngoja mwenzake.

Nije kwenye nyasi, na hapa nazungumza na mafundi ambao mimi binafsi nawaheshimu kuliko watu wote wa mchezo huu.

Mpira uliopotea ndio mwizi mkubwa wa muda wa kundi moja moja. Tangu mwaka 2019 muda wa kuutafuta ni dakika 3, badala ya 5 za zamani. Hayo ni maendeleo. Lakini wachezaji wanne wakipoteza mipira miwili kila mmoja, hiyo ni misako 8, na misako 8 ya dakika 3 ni dakika 24, kabla hatujamhesabu yule anayerudi nyuma kupiga upya mahali alipopigia. Kwa raundi za kawaida kanuni zinairuhusu klabu kuweka utaratibu mbadala, ambao mchezaji anaangusha mpira mwingine karibu na pale ulipopotelea, akasogea hadi kwenye feawei, ile njia ya nyasi fupi kati ya tii na grini, kwa adhabu ya mikwaju miwili, bila kurudi nyuma. Klabu ambayo haijauweka utaratibu huo kwa ajili ya michezo ya kawaida inasubiri nini?

Hata hivyo, kuliko kufupisha msako ni bora kuuondoa. Alister MacKenzie, daktari aliyegeuka kuwa msanifu wa viwanja, aliorodhesha mwaka 1920 misingi 13 ya uwanja bora. Miongoni mwake alitaka kuwe na mwendo mfupi kati ya grini na tii, na alitaka mchezaji asipatwe kamwe na kero ya kutafuta mipira iliyopotea. Miaka zaidi ya 100 iliyopita! Kisha akaonyesha kwa vitendo. Augusta National, aliousanifu pamoja na Bobby Jones, bingwa wa gofu wa Marekani, na ukafunguliwa mwaka 1933, ulianza ukiwa na mitego ya mchanga 22 tu, feawei pana sana, na karibu hauna nyasi ndefu kabisa. Je, ulikuwa rahisi? Haukuwa rahisi kwa bingwa, maana bingwa alilazimika kuchagua upande sahihi wa ile feawei pana ili apate njia nzuri ya kuingia kwenye grini. Asiye bingwa aliuona mpira wake, akaupiga tena, akaendelea. Huo ndio ufundi ninaoutamani: ugumu unaokaa kichwani mwa mchezaji hodari badala ya kukaa kwenye majani yanayomficha mpira mchezaji dhaifu.

Nilipokuwa nikisimamia uwanja tuliwahi kukata kwa chini ukanda wa nyasi uliokuwa upande wa kulia wa shimo moja la mwanzo, ule upande ambao mipira mingi ya wanaojifunza huelekea. Hatukubadilisha kingine. Wiki iliyofuata sikuwa na mtu wa kumhimiza kwenye shimo lile, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyekuja kulalamika kwamba uwanja umelegezwa.

Kuhusu tii nitasema machache, lakini nayasema kwa uzito. Shimo la mikwaju minne lenye yadi 430 linamtaka mtu anayepiga yadi 200 kwa mkwaju wake bora afanye kisichowezekana. Atapiga 200, atapiga tena 180, na bado amebakiwa na yadi 50. Kwa hiyo kila shimo la namna hiyo limemwongezea mkwaju mmoja, na mkwaju unakuja na hatua zake, maandalizi yake na nafasi yake ya kupotea. Alice Dye, yuleyule niliyemtaja, alitumia miaka mingi kupigania tii za mbele zilizojengwa kwa heshima, hasa kwa ajili ya wanawake ambao walikuwa wakilazimishwa kucheza viwanja virefu kupita nguvu zao. Mwaka 2011 vyama vya gofu vya Marekani vilianzisha mpango wa kuwahimiza wachezaji wote, wanaume kwa wanawake, waanzie tii inayolingana na urefu wa mkwaju wao. Wazo ni jema. Kinachoukwamisha ni aibu, na aibu hiyo tunaijenga sisi tunapoziita tii hizo za wanawake au za wazee, na tunapoziweka kwenye kipande cha ardhi kilichopinda ambacho hakuna aliyekitunza. Ziwe sawa, ziwe na nyasi nzuri, ziitwe kwa rangi au kwa yadi, na watu watakwenda.

Grini nazo zina mchango. Kifaa cha kupimia mwendo wa mpira kwenye grini kilibuniwa na Edward Stimpson mwaka 1935, na tangu kienee mikononi mwa klabu kimegeuka kuwa kipimo cha fahari. Grini yenye miinuko mingi ikifanywa iteleze kama kioo, mpira uliokosa tundu haukai karibu, unakwenda mbali, na kila mmoja wa wanne anasukuma mara moja zaidi. Fundi wa nyasi aambiwe achague: miinuko au mwendo kasi, na tundu lisiwekwe kwenye mteremko siku ambayo uwanja umejaa.

Najua wapo watakaonijibu kwa methali kwamba haraka haraka haina baraka. Ni kweli, nami sijawahi kumwomba mtu akimbie. Gofu ni mchezo wa kutembea na kufikiri, na anayeufanya mbio anaupoteza. Lakini wahenga haohao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na kinachowaumiza wachezaji wetu ni kungoja, si kucheza. Muulizeni yeyote aliyemaliza raundi kwa saa 4 bila kusimama, kisha muulizeni aliyeimaliza kwa saa 4 na nusu, mbili kati yake akiwa amecheza kwa vipande vipande vya kusimama na kukaa. Wa pili hatawaambia alicheza nusu saa zaidi. Atawaambia siku yake yote imekwisha, na huenda wiki ijayo asije.

Basi ninalowaomba ni jambo dogo kabla ya mtu yeyote kuongeza adhabu, kuajiri wasimamizi zaidi au kumwita msanifu. Chagueni asubuhi moja ambayo uwanja umejaa. Mpeni mtu mmoja kiti, kivuli na karatasi, akae kwenye tii ya shimo fupi la kwanza. Karatasi iwe na safu tatu: saa kundi lilipofika, saa lilipopiga mpira wa kwanza, na saa lilipoondoka kwenye grini. Asimkemee mtu, asimhimize mtu, aandike tu. Jioni toeni safu ya kwanza kwenye ya pili, mtajua kila kundi lilisimama dakika ngapi. Kisha pimeni muda kati ya kuondoka kwa kundi moja na kuondoka kwa linalofuata, na muuweke pembeni mwa ule mwanya wa dakika ulioandikwa kwenye ratiba ya ofisi. Mimi nilifanya hivyo siku ile ya wazee wanne. Ratiba yetu ilisema dakika 8, shimo la tatu lilisema 12, na wazee wale walikuwa kundi la saba kuanza.